Nilivyoziba Matangazo ya Misa

Mama alianguka wiki ambayo watu wa kijiji chetu, Pito, walikuwa wanapalilia mahindi. Alitoka asubuhi kumwaga maji, ukungu bado umelala juu ya mashamba, akateleza kwenye udongo, nyonga ikavunjika. Hospitali walimshughulikia, kisha wakaturudishia na maagizo: alale, asikanyagie mguu, na asiende popote mpaka waseme wao. Popote, kwa Mama, palikuwa pawili tu, shambani na kanisani. La shamba alilikubali, maana mke wa kaka yangu, ninayemwita wifi, aliishi naye na jembe alilijua. La kanisa ndilo lililomliza.

Wakati huo nilikuwa katibu wa kamati ya mawasiliano ya parokia. Cheo hicho nilikipata kwa sababu nina steshenari Majengo, mjini, natoa kopi na kuchapa kadi za harusi, na watu wakiniona mbele ya kompyuta wanaamini najua mambo mengi kuliko ninayoyajua. Kamati ilikuwa imeanza kurusha misa ya Jumapili mtandaoni. Tulikuwa na kamera moja, stendi iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na kipaza sauti kilichokoroma kila Paroko alipotamka "s". Sasa jaribu kuongoza misa ya Yesu Kristo bila "s".

Nilimpelekea Mama kishikwambi changu cha zamani. Jumapili ya kwanza nilikaa naye. Alivaa kitenge kipya na kilemba, akajifunika blanketi hadi kifuani kwa ajili ya baridi, rozari mkononi. Aliitikia sala zote kwa sauti, kama vile Paroko angemsikia. Tulipofika kwenye mageuzo, Paroko akainua hostia, kengele ikalia, Mama akainamisha kichwa. Hapo hapo kioo kikageuka chekundu, akatokea kijana mwenye miwani ya jua.

"Wewe! Bado umezubaa? Weka mkeka wako sasa hivi, uondoke na ushindi!"

Mama aliinua kichwa polepole. Masikio yake si mazuri sana.

"Padri kasema nini?"

"Si Padri, Mama. Ni tangazo."

"La parokia?"

"La watu wa kubeti."

 Nikadhani ameelewa kwamba mkeka wao ni orodha ya mechi wanazobashiri. Jumapili iliyofuata nilikuwa kanisani na kamera, na nilipofika Pito baada ya misa nilikuta mkeka mpya umetandikwa kando ya kitanda chake. Nikamuuliza wifi kulikoni.

"Mama anasema kila Jumapili Padri anasisitiza mkeka," alinijibu. "Tukaona tutii."

Jumapili ya tatu nilikuwa tena na Mama, na mahubiri yalihusu ndoa. Paroko aliegemea mimbari, akatazama akina baba kwa upole, akasema, "Wapendwa, tuambizane ukweli. Ndoa nyingi siku hizi zinavunjika kwa sababu moja kubwa," na kabla hajaitaja, likaingia tangazo la dawa ya kurudisha nguvu za kiume, lenye mwanamume aliyejishika kiuno na mke aliyegeukia ukutani. Mama alitikisa kichwa kwa masikitiko.

"Huyu Paroko ni jasiri," alisema. "Wa zamani wasingethubutu."

Nilicheka, lakini niliporudi mjini kicheko kilikuwa kimeisha. Mama yangu amesali maisha yake yote, na sasa nimemwekea kitandani sanduku linalomchanganyia Mwili wa Bwana na mikeka ya mpira. Niliona ninapaswa kufanya kitu. Nilijua kuna programu ya kuziba matangazo. Vijana wanaokuja kuchapa dukani kwangu walikuwa wameniwekea kwenye kompyuta yangu mwenyewe zamani.

Tatizo ni kwamba wiki hiyo hiyo kamati ilikaa kikao. Mwenyekiti wetu, mzee mmoja aliyestaafu ushirika na anayependa sana neno "mkakati", alituarifu kwamba chaneli imeanza kupata kitu kidogo kutokana na matangazo. Kitu kidogo kweli, lakini kikikusanyika kingenunua kipaza sauti kisichokoroma. Kasoro ilikuwa moja: waamini walikuwa wanayaruka matangazo kabla hayajaisha.

"Katibu," aliniambia, "andaa tangazo la kuwaomba waamini wasiruke matangazo. Waambie kuruka tangazo ni kuruka sadaka."

Nililiandika. Na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali kusimama mbele ya kamera, nililisoma mimi, nimevaa kitenge cha Jumuiya, sauti yangu laini kama ya muuguzi: "Ndugu wapendwa, tangazo linapotokea, tulipokee kwa uvumilivu. Hata hilo ni sehemu ya majitoleo yetu." Tukalirekodi ili lirushwe mwanzoni mwa kila misa. Siku ya pili yake nikapanda bodaboda hadi Pito, nikaketi kwenye ukingo wa kitanda cha Mama, nikaziba matangazo yote.

Njiani nilikuwa nimejitetea vya kutosha. Nilisema tangazo linakula bando, na bando nanunua mimi. Nilisema mgonjwa ana haki zake. Nilisema Bwana mwenyewe aliwafukuza wafanyabiashara hekaluni, ingawa sauti nyingine ndani yangu iliuliza kama wale wafanyabiashara walikuwa wamechangia kipaza sauti. Hoja zote zilikuwa nzuri. Zingekuwa nzuri zaidi kama ningeweza kuzisema hadharani.

Mwezi mmoja ukapita kwa amani. Kisha Jumuiya yetu ndogo ndogo, yaani zile familia jirani tunazosali pamoja, ikaamua kwenda kusali misa na mgonjwa Jumapili moja. Walijaa chumbani kwa Mama, wengine wakakaa kwenye ule mkeka, ambao hatimaye ulipata kazi. Kishikwambi kikawekwa juu ya debe la unga. Cha kwanza kutokea kilikuwa uso wangu. Nikajiona nikiwaambia watu wavumilie matangazo. Wote chumbani wakatikisa vichwa kwa kukubali, na mwenyekiti wa Jumuiya, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, akanipiga bega kwa pongezi.

Misa ikaenda. Masomo, mahubiri, matoleo, mageuzo. Haikukatwa hata mara moja. Mpaka baraka ya mwisho, watu walikuwa wameanza kutazamana.

"Leo matangazo yamelala?" aliuliza mwalimu mmoja wa sekondari. Akatoa simu yake mfukoni, akafungua misa ile ile. Kijana wa miwani akaruka juu: "Wewe! Bado umezubaa?"

Mama alifurahi kupata jambo la kueleza. "Hapa kwangu hayaji," alisema. "Binti yangu ameyaziba."

Sijawahi kutamani ardhi ya Ufipa ipasuke kama siku ile. Wifi alitoka kwenda kuangalia uji ambao haukuwa jikoni.

Ubishi ukaanza. Mzee mmoja mkulima wa ulezi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alisema haoni kosa. "Ukienda kanisani ukamkuta mchuuzi mlangoni, utalazimishwa kumsikiliza?"

"Lakini kama mchuuzi huyo ndiye aliyenunua taa za kanisa?" mwalimu akauliza.

"Basi atundike jina lake kwenye taa. Asinipigie kelele nikiwa nimepiga magoti."

"Na sisi tulioyavumilia?" akasema mama mwingine, na hakuwa anacheka. "Mimi mwanangu wa kidato cha pili ameanza kubeti. Ameyaona wapi? Kwenye misa. Nilimwambia asiruke, kwa sababu katibu alisema ni majitoleo."

Hilo lilinichoma, na linanichoma mpaka leo. 

Mwenyekiti wa Jumuiya alinishika mkono akanitoa nje, upande wa zizi. Upepo ulikuwa unapiga kama ulivyozoea huku juu. Nikajiandaa kwa maneno mazito. Akanipa simu yake.

"Kwanza niwekee," alisema. "Halafu kesho nitakushtaki kwenye kamati."

"Mama, utanishtakije wakati na wewe unaitaka?"

"Mimi si katibu. Mimi sikusimama mbele ya kamera."

Nikamwekea. Siku hiyo niliwawekea watu saba, mwalimu akiwa wa mwisho, akidai anataka tu kuichunguza. Na kesho yake, kweli, mwenyekiti wa Jumuiya alinishtaki.

Kikao kiliitwa katika ofisi ya parokia. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amechapa ajenda mahali pengine, si kwangu, nikajua mambo ni magumu. Ajenda ilikuwa moja: "Mwenendo wa Katibu." Alizungumza kwa muda mrefu kuhusu uaminifu na mkakati. Aliuliza kama ninaweza kusimama asubuhi nikahubiri maji na jioni nikanywa gongo. Nilisema nimekosa, lakini pia nikasema kwamba hakuna aliyeko ofisini mle ambaye angependa mama yake aambiwe abeti wakati wa mageuzo. Mhasibu akaniunga mkono. Mwenyekiti akasema huruma haina nafasi kwenye mkakati. Tukabishana kama tangazo lililozibwa ni sadaka iliyoibwa au ni sadaka isiyotolewa, na mtu mmoja akapendekeza tumwandikie Askofu.

Paroko alikuwa amekaa kimya muda wote, akizungusha kifuniko cha kalamu. Ni mtu mrefu, mpole, anayependa kuwaacha watu wachoke. Tulipochoka akanigeukia.

"Mama yako alikomunika lini mara ya mwisho?"

Nikafungua mdomo. Nikahesabu nyuma: mahindi kubeba, mvua kubwa, palizi.

"Kabla hajaanguka, Padri."

"Hakuna aliyempelekea Ekaristi?"

"Hakuna."

"Na yumo kwenye orodha ya wagonjwa?"

Orodha ya wagonjwa ilikuwa ukutani nyuma yake, karatasi mbili, nadhifu. Tukasimama wote tukaisogelea. Jina la Mama lilikuwepo, na mbele yake, mahali pa kuandika siku ambayo mhudumu amempelekea komunyo, palikuwa na maneno: "Anafuata mtandaoni." Chini yake wengine tisa walikuwa na maneno hayo hayo. Mtu aliyeichapa orodha ile alikuwa ametumia herufi nzuri na mistari iliyonyooka, na nilimfahamu vizuri, kwa sababu ni mimi. Nakumbuka hata nilivyoona fahari siku ile. Kamati iliona tukiwaondoa wenye simu janja tutawapunguzia wahudumu safari, nami nikanakili maneno yale mara kumi bila kufikiri kwamba la kwanza lilikuwa kwenye mstari wa mama yangu.

"Nimekosa, Padri," nilisema, na safari hii sikuongeza "lakini".

"Soma chini," akasema Paroko.

Chini kabisa palikuwa na saini yake.

Hakuna aliyezungumza tena juu ya mwenendo wa katibu. Mwenyekiti alikunja ajenda yake akaiweka mfukoni. Alikuwa na mama yake mwenyewe kwenye ile orodha, mstari wa sita.

Alhamisi asubuhi Paroko alikuja Pito kwa pikipiki, koti zito juu ya kanzu, Ekaristi kifuani. Wifi alikuwa ametandika meza kitambaa cheupe na kuwasha mshumaa ambao upepo wa mlangoni uliuzima mara mbili. Mama aliomba aungame kwanza, akatufukuza. Tukasimama uani. Tulisubiri mpaka kuku wakatuzoea. Mara moja tulimsikia akicheka, mara nyingine akilia, na sisi tukatazama mahindi kama watu wanaotafuta ng'ombe.

Tulipoitwa ndani, uso wake ulikuwa umelowa. Paroko alimpa komunyo. Mama alifanya ishara ya msalaba. Kisha akaugusa mkono wa Paroko, akaushika kama anayepima joto la mtoto.

"Una mikono ya baridi, Baba," akamwambia. "Kwenye kioo haionekani."

Akamlazimisha anywe uji wa ulezi vikombe viwili kabla ya kuondoka. Mimi nilimsindikiza mpaka kwenye pikipiki. Nilitaka kumuuliza kama niondoe ile programu. Aliniambia angeomba kamati izime matangazo wakati wa misa, na kama fedha hazitapatikana basi kipaza sauti kiendelee kukoroma, maana watu wamekwisha kukizoea. Ndivyo ilivyokuwa. Kilio cha "s" bado tunacho.

Mama alipona kiasi. Sasa anatembea kwa mkongojo hadi kigangoni, kanisa dogo la kijiji, na huko huwa anasinzia wakati wa mahubiri, jambo ambalo kitandani hakuwahi kulifanya. Mimi nilijiuzulu ukatibu, wakakataa, wakaniongezea kazi ya kuzungukia orodha ya wagonjwa nyumba kwa nyumba ili niisahihishe kwa miguu yangu.

Nyumba ya nne ilikuwa ya babu mmoja anayeishi peke yake nyuma ya shamba la maharage. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi zetu miaka mingi, limenakiliwa kutoka orodha hadi orodha. Nilimsalimia shikamoo, nikaketi kwenye kigoda uani, nikafungua daftari, nikamuuliza kwa sauti ya juu kidogo alikomunika lini mara ya mwisho.

Alinitazama kwa huruma.

"Mjukuu wangu," alisema, "mimi ni Mmoraviani. Lakini ingia ndani, nje kuna baridi."