Nyanya za Mukhisa Ukutani

Mwenye baiskeli alishuka akaanza kusukuma, nami nikashuka kwa aibu. Kilima kilikuwa kikali na mkoba wangu mzito. Soko la Chwele tulikuwa tumeliacha nyuma, na njia ya mbele sikuijua isipokuwa kwa maelekezo yaliyoandikwa kwenye bahasha niliyopewa Kitale: Mama Phelista, nyumba ya mabati, pita kanisa.

Ilikuwa Agosti 2005. Phelista, karani wa ofisi moja Kitale, alinikodishia nyumba ya mama yake kwa miezi mitatu. Mama alikuwa anahamia kwake kwa sababu ya magoti. Tungekaa pamoja siku kumi, anionyeshe kisima na ng'ombe wa jirani anayevunja ua, kisha pickup ije imchukue.

Nilimkuta jikoni amenipa mgongo, akipaka kitu ukutani kwa kidole.

"Hodi, Mama Phelista."

"Karibu, baba. Ingia, lakini usiegemee ukuta. Utafuta watu."

"Watu gani?"

"Nyanya."

Alikuwa amekamua nyanya iliyoiva, akachanganya mbegu na jivu, sasa alikuwa anazipaka kwenye udongo juu ya meko, pale moshi unapopita. Mstari baada ya mstari, kila mmoja na alama yake ya mkaa. Zingekauka hapo hadi mvua, ndipo azikwangue kwa kisu. Mama yake alitunza hivyo mbegu za malenge na mboga za kienyeji. Nimeona watu wakianika mbegu juu ya magazeti huko Asmara na kwenye shuka za hospitali huko Gujarat, lakini sijaona nyumba nyingine ambayo ukuta wake ulisomeka kama rejista ya shule.

Jina lake ni Lenah, ingawa hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa marehemu mume wake. Mukhisa alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye shamba la mzee Gathii, nje kidogo ya Kitale. Mwaka 1998 alirudi nyumbani moja kwa moja na kopo dogo la mafuta ya kujipaka, ndani yake mbegu za nyanya alizopewa siku ya kuagana. Alizipanda mwenyewe. Zilipoiva alichuma moja, akaipaka chumvi, akaila akiwa amesimama kwenye tuta.

"Akasema, 'Lenah, hii ndiyo nyanya.' Maji yanamtiririka mpaka kiwiko," mama aliniambia. "Mwezi uliofuata tukamzika pale, karibu na ndizi."

Nyanya hiyo ilikuwa ndefu kama yai, nyekundu mpaka ndani, na ngozi ngumu. Ungeweza kuzifunga nyuma ya baiskeli mpaka Bungoma na isipasuke hata moja. Mama alitoa mbegu kwenye zile zilizobaki mtini, akapaka ukutani. Msimu uliofuata zikaota nyanya za kila namna: ndefu, duara, nyingine na mabega ya manjano. Akachagua zilizofanana na ya Mukhisa, akapaka tena. Miaka saba alifanya hivyo, misimu miwili kila mwaka. Kila mara kulikuwa na tatu au nne zilizofanana nayo, na kila mara watoto wao wakamkimbia, wakatoka na sura nyingine.

Mstari wa juu kabisa ukutani ulikuwa wa hizo. Wa pili ulikuwa wa nyanya nyingine, fupi, yenye mikunjo kama lenge dogo. Hiyo aliipanda kwa sababu tu ilikataa kuoza.

Siku ya soko tulibeba ndoo mbili. Wakhungu, mnunuzi wa nyanya mwenye tumbo na kofia ya sufu, alichungulia akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mama, hii ndoo ni nini sasa? Iko na makabila yote arobaini na mawili ya Kenya!"

"Si ununue, bana. Wewe mwenyewe unafanana na nani kwenu?"

"Zile za mzee ziko wapi? Zile ngumu?"

"Zinakuja."

"Ati zinakuja. Mwaka wa ngapi huu? Niuzie hii ndoo ya mikunjo. Hii angalau najua ni nani."

Mama alicheka na wengine, kisha tukaanza kurudi. Karibu na lango alisimama kupumzisha magoti.

"Kwa Phelista amenipimia kashamba kama kitanda," alisema. "Kanatosha aina moja. Nilitaka niende na ile ya Mukhisa. Siku nane zimebaki na sijaipata. Nafikiri ni mkono wangu, baba. Hili shamba lilimjua yeye."

Hapo nikaona aibu ya kunyamaza. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimelala kwa mzee Gathii huyo huyo. Ni mtu wa Nyeri kwa asili, babake alikuja Trans-Nzoia kununua shamba, na chai ya nyumbani kwake hunywewa kwa vikombe vikubwa kama sufuria. Nilipomtajia ninakokwenda aliweka kikombe chini. Mbegu alizompa Mukhisa, alisema, zilikuwa za haibridi, za pakiti ya dukani. Alimwagia kijiko kimoja kwenye kopo na hakukumbuka kumwambia kwamba hizo hupandwa mara moja tu, kwani watoto wao hawafanani na mama. "Ukimwona mama yule," aliniambia, "mwambie pole yangu." Nami nilikuwa nimefika, nimekula ugali wake siku mbili, bila kusema.

Nikamwambia yote, pale langoni. Mama Phelista aliweka ndoo chini.

"Haibridi? Kama mahindi?"

"Kama mahindi."

"Mahindi najua! Hata mtoto wa hapa anajua, ukirudisha ya haibridi shambani unavuna vijiti. Kila mwaka tunanunua ya Kitale. Lakini nyanya?" Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyetengeneza kopo lile. "Nyanya ni mboga, baba. Mboga ni ya ukuta."

"Mzee Gathii anasema pole."

"Pole ya miaka saba." Alikaa juu ya jiwe. Nilifikiri analia, kumbe anacheka kidogo, mkono umeziba mdomo. "Kwa hivyo si mkono wangu."

"Si mkono wako, Mama."

"Na shamba halikunikasirikia."

"Hapana."

"Hata angepanda Mukhisa mwenyewe, zingemkimbia?"

"Zingemkimbia hata yeye."

"Afadhali," alisema. "Angetukana sana."

Siku zilizobaki alinionyesha kisima, na ng'ombe yule tulimfukuza mara nne. Mstari wa juu hakuuongeza tena. Ila asubuhi niliona amesimama mbele yake na kikombe cha chai, kama mtu anayetazama picha ya harusi. Miaka mingi imepita na bado naukumbuka moshi ule, na jivu kwenye ukucha wake wa kidole cha kwanza.

Pickup ilifika Jumamosi, Phelista amekaa mbele na dereva, ana haraka.

"Mama, twende, barabara ya Kitale iko na lori nyingi. Mbegu ziko Kitale, tutanunua."

"Nyamaza, wewe. Nani amekuambia nanunua?"

Aliingia jikoni na kisu na lile kopo la mafuta. Nilimsikia akikwangua, kru, kru, polepole. Alipotoka nilichungulia, mstari wa pili haukuwepo. Wa juu ulikuwa mzima.

"Ile ya Mukhisa?" nikauliza.

"Ya Mukhisa ibaki na Mukhisa. Huyu wa mikunjo ni wangu. Misimu mitano amezaa watoto wa kufanana naye, na sikuwa namtazama hata." Alitikisa kopo karibu na sikio. "Mvua ikianza, panda zile za juu. Usiulize zitakuwa nani. Zikitoka za kufanana na ya Mukhisa, kula moja na chumvi."

Phelista alimsaidia kupanda gari. Mama alishika kopo mapajani kwa mikono miwili. Gari lilipokata kona karibu na ndizi alitoa kichwa dirishani, nikafikiri anataka kuaga kaburi.

"Na usiegemee ukuta!"

Nikarudi jikoni. Meko yalikuwa bado na moto, nikaongeza kuni ili moshi upite juu.