Kumwelekeza Mama Nyumba Mpya

Siku tulipohamia mtaa wa Mbunya nilikuwa na furaha isiyo kifani. Miaka yote tangu tukimbie vita kwetu Djugu tulikuwa watu wa kupanga vyumba, mvua ikitufuata hadi kitandani, na leo kiwanja chetu, mabati yetu, mlango wetu tuliopaka wenyewe rangi ya bluu! Mama mkubwa, dada yake marehemu mama yangu, aliimba nyimbo za kwaya tangu asubuhi hadi majirani wakaja kuchungulia.

Mimi nyimbo hizo nilishaachana nazo. Tulipokimbia tuliacha kaburi la mama likiwa bado na udongo mbichi, na Mungu nikamwacha huko huko. Sikugombana na mtu, niliacha tu kwenda kanisani. Kilichoniuma ni kile nilichodhani lazima kifuate: hakuna Mungu, basi hakuna mbingu, basi na mama hayupo popote. Nilijikataza hata kumtaja. Ilikuwa kama kumzika mara ya pili, safari hii peke yangu.

Kwetu, anayewasha moto wa kwanza katika nyumba mpya huwaambia wafu wake njia ya kufika. Mama mkubwa hakutaka hata kusikia habari hizo, maana kanisani kwake wanafundishwa kwamba wafu wamelala fofofo. Alinisukumia mbabula, lile jiko letu la makaa, akaenda kupanga masufuria.

Nikapuliza makaa hadi yakashika. Halafu mdomo ukafunguka wenyewe.

“Mama, tumehama. Fuata barabara ya Nyankunde, ukifika ku robine, kwa ile bomba ya maji, kata kushoto. Mulango iko bleu. Kuja, tuko wazima.”

“Unaongea na nani?” Mama mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu, sufuria mkononi.

“Na mama.”

“Weye? Weye ulisema Mungu haiko!”

“Mungu haiko, mama mukubwa. Lakini mama iko.”

Nilipolisikia jibu langu nilishtuka mwenyewe. Kumbe! Kumbe mizigo ilikuwa miwili, na mimi mwenyewe ndiye niliyeifunga kwa kamba moja! Huyu hapa ana Mungu wake mzima na hana wafu. Mimi nina mfu wangu na sina Mungu. Na jioni tutakula sahani moja. Nilicheka, machozi yakanitoka, nikapuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa tena. Nilikuwa nimejinyima mama miaka yote hiyo bure!

Mama mkubwa alitikisa kichwa. “Wafu wamelala, mutoto yangu. Hawasikie kitu.”

Akageuka kwenda zake. Alipofika mlangoni akasimama, bado amenipa mgongo.

“Tena umemuelekeza mubaya,” akasema. “Ku robine ni mukono ya kuume. Muambie tena. Unajua vile mudogo yangu anapoteaka.”