Siku Waliyojua Siringi

Nilipoolewa Nyakahura nikitokea Ntobeye, wilaya ya Ngara, nilikuja na siri moja: nilikuwa naogopa kuzungumza Kiswahili mbele ya watu. Nyumbani tulizungumza Kihangaza, na ulimi wangu ulizoea kuchanganya r na l. Sekondari nilisoma kwa sauti "mrango" badala ya "mlango", na darasa zima lilicheka. Tangu hapo nikawa nachagua maneno. Sikusema "kulala", nilisema "kupumzika". Sokoni nilionyesha karanga kwa kidole. Shikamoo niliipenda sana, maana haina r wala l. Nikishaitoa kwa mkubwa, napita zangu.

Nikaishi hivyo miaka tisa, nikidhani watu wananiona mpole.

Halafu binti yangu, aliyekuwa darasa la pili, akarudi na ujumbe kwamba mwalimu amemkuta amesinzia. Nilipomuuliza, akasema, "Njaa, mama." Wanafunzi wengi walitoka asubuhi bila kitu na kushinda hivyo mpaka saa nane.

Kwenye mkutano wa wazazi walizungumzia madawati na uzio. Mwenyekiti akauliza kama kuna lingine. Nikajikuta nimesimama.

"Watoto wetu wanarara darasani," nikasema, "kwa sababu hawajapata chakura."

Wanaume wa nyuma wakaangua kicheko. Masikio yalinichoma moto. Nilitaka kukaa, lakini nikamkumbuka mwanangu na kichwa chake juu ya dawati.

"Chekeni," nikasema. "Mkimariza, mniambie nani ataleta mahindi."

Safari hii walicheka wanawake, tena wakiwacheka wale wanaume. Bibi mmoja wa familia zilizotoka Burundi akapaza sauti, "Endelea, mama! Tunakuelewa!"

Nikaendelea. Nilisema kila kaya itoe mahindi na maharage baada ya mavuno, na akina mama tupike kwa zamu. R zilikwenda zinakotaka na l vilevile, nami sikuzifukuza. Mwenyekiti alipoomba mikono, ilinyooka mpaka ya wale wa nyuma. Kisha wakanichagua kuongoza kamati ya chakula.

Tukiwa njiani kurudi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alinishika mkono.

"Dada, nisamehe. Miaka yote hii tulijua unaringa."

"Mimi?"

"Unatupita kama mke wa mkuu wa wilaya! Tukasema, huyu wa Ngara anatuona sisi si watu."

Nilisimama katikati ya barabara nikacheka hadi machozi. Kumbe woga wangu wao waliusoma kuwa ni kiburi.

Kabla muhula haujaisha, sufuria ya kwanza ya makande ilichemka nyuma ya madarasa. Watoto walipanga foleni na sahani zao, wengine wakapanga mara mbili. Jumamosi iliyofuata wanawake watano walikuja kwangu bila kualikwa. Tulizungumza mpaka jua likazama, na aliyezungumza kuliko wote nilikuwa mimi.