Wageni wa Nekoye

Nekoye wa mtaa wa Rhonda afadhali angelala njaa kuliko kumwona mgeni akitoka kwake bila kula. Na mgeni hakuwekewa ugali wa wimbi, la hasha! Wimbi lilimkumbusha shida za utotoni. Kwake ni ugali mweupe, mlima mzima.

Sukari ikampanda. Nesi Chepkemboi akamwambia huko kliniki, "Mathe, endelea na tembe, lakini chakula kisipobadilika, tutaanza sindano."

Sindano! Mama huyu alizaa watano bila kupiga kelele, lakini zamani aliruka dirisha la shule kukimbia chanjo.

"Kula wimbi, maharagwe, mboga ya mrenda, vitunguu," nesi akaendelea. "Zile nyuzinyuzi tumbo lisizoweza kusaga ni chakula cha bakteria wako wa tumboni. Wakishiba, wanasaidia mwili kutumia sukari vizuri."

Nekoye alishika neno moja tu: bakteria. Ebo! Yeye anayesugua sufuria kwa majivu mpaka ing'ae? Akafika nyumbani, akachemsha mwarobaini, akanywa asubuhi na jioni huku akikunja uso. Ugali ukabaki ule ule mweupe.

Siku ya kliniki sukari ilikuwa juu zaidi.

"Bakteria umewalisha nini?" nesi akauliza.

"Kuwalisha? Nimewaua!"

Chepkemboi alicheka mpaka akashika meza. "Jamani, mathe! Wale wazuri ni wageni wako. Umewanyima chakula, ukawapikia uchungu. Nakupa nafasi moja ya mwisho."

Nekoye akainamisha kichwa. Mgeni, anyimwe chakula kwake?

Jioni hiyo akasonga ugali wa wimbi, akaweka na mrenda. Mumewe, Khisa, akautazama. "Kwani tumefilisika?"

"Nyamaza. Sijakupikia wewe, nimepikia wageni."

Khisa akachungulia mlangoni, hakuona mtu. Akala mkate.

Nekoye akapika hivyo kila siku, na tembe hakuacha. Aliporudi kliniki alifumba macho wakati wa kupimwa.

"Imeshuka," nesi akasema. "Sindano ingoje."

Nekoye alipiga vigelegele mpaka wagonjwa kwenye benchi wakapiga makofi bila kujua sababu. Akakimbilia nyumbani kula. Sufuria aliyoiacha imejaa ugali wa wimbi ilikuwa tupu, na Khisa anafuta mdomo.

"Khisa! Wageni wangu watakula nini?"

"Pole, mama. Kumbe hata mimi ninao, na walikuwa na njaa sana."

Nekoye akacheka hadi machozi, akabandika maji upya, mengi zaidi.