Kishale na Maboya ya Yama

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na programu ndogo kwenye kompyuta ya ofisi, imekaa pembeni mwa kioo kama mjusi ukutani. Ukipeleka kishale juu ya rangi yoyote, inakuandikia jina la rangi hiyo, pamoja na namba zake tatu kwa ajili ya wabishi. Wenzangu waliiona mchezo. Mtu mwenye macho mazima aiulize kompyuta kama jani ni la kijani?

Mimi niliuliza kila siku. Tangu utotoni, nyekundu na kijani kwangu ni ndugu wa tumbo moja: najua wako wawili, ila nikipishana na mmoja njiani siwezi kuapa nimemsalimu yupi. Hilo halikunizuia kwenda chuo kikuu, wala kuajiriwa na mradi wa uvuvi hapa Nchelenge kuchora ramani za ziwa: kijani mahali pa kuvua, nyekundu mahali samaki wanapozalia. Kwenye usaili waliuliza mengi kuhusu vyeti. Kuhusu macho hawakuuliza, na mimi si mtu wa kuwachosha wakubwa kwa maelezo. Nilichora, nikapitisha kishale, nikachapisha. Hakuna ramani yangu iliyokosea.

Aliyekosea ni yama, kaka wa mama yangu. Alikuwa mvuvi, na maboya ya wavu wake aliyakata kutoka kandambili kuukuu za kijani. Jirani yake majini, Mkongomani aliyehamia upande wetu kwa biashara ya samaki, alikuwa akitumia vipande vya madumu meupe. Mwaka ule jirani akapata gunia la kandambili nyekundu, akabadilisha. Upepo ukivuta, nyavu hukaribiana. Haukupita muda, yama akavuta wavu wa jirani mara mbili, alfajiri, na samaki wakaenda kwake.

"Mutu akiiba mara moya, tunasema njaa," jirani aliwatangazia watu wa mwalo, pale ufukweni tunaposhushia samaki. "Mara mbili, ile ni kazi yake."

Mwenyekiti wa mwalo akaitisha kikao. Ikionekana ni wizi, yama hatashusha tena mtumbwi pale.

Nilimkuta uani akishona wavu. Nikaweka mbele yake maboya mawili, moja lake, moja la jirani. Nilikuwa nimeyatia alama ya kalamu kwa chini. Sikwenda kama mjinga.

"Lako lipi, yama?"

Hakuyatazama. Alipapasa kingo zake. "Hili. Kisu changu kina pengo."

"Na kwa rangi?"

"Rangi ni mambo ya wanawake na vitenge."

Hapo nikajua. Jibu la namna hiyo nimelitumia miaka mingi, langu likiwa limevikwa maneno ya chuo kikuu. Nikamweleza kwamba tuna ugonjwa mmoja, na kwamba umetujia kwa upande wa bibi. Wapwa wengine hurithi bunduki ya yama wao. Mimi nilipata macho.

"Tuwaambie kikaoni," nikasema.

"Hapana, mpwa. Mwizi huhamia mwalo mwingine, watu wakasahau. Lakini kipofu? Nani atapanda mtumbwi wake?"

Alikuwa na wavuvi wawili waliomfuata miaka yote, na bila wao mtumbwi ule ulikuwa gogo tu.

"Mimi nalipwa kuchora rangi," nikamwambia kwa majivuno.

"Mkubwa wako anajua?"

Nikakohoa.

"Basi anza wewe, msomi."

Nikaanza mimi. Mkubwa wangu alinisikiliza, kisha akaitazama ramani ya ukutani kama mtu aliyekwisha kunywa supu ndipo anaambiwa mpishi anaumwa. "Na hii?" Nikafungua ile ramani kwenye kompyuta, nikamwachia kipanya. Alipitisha kishale pwani yote, kutoka kwetu mpaka Mununga, akitafuta kosa kwa bidii kuliko alivyowahi kutafuta samaki. Hakulipata. Nikamwomba watu wa mwalo waje wayapime macho yangu na ya yama kwenye kompyuta ile ile. "Haya," akasema, "walete."

Kikao kikahamia ofisini. Nilichora miraba ya rangi kwenye kioo na kubandika karatasi juu ya kidirisha cha programu, mwenyekiti peke yake achungulie jibu. Jirani alishika kipanya kwa mikono miwili, kama kasia. Wavuvi wawili wa yama walisimama dirishani. Nilijibu mimi kwanza, yama akiwa nje, mbali kabisa. Kisha akaitwa yeye.

"Hii, muzee?" jirani akauliza.

"Kahawia."

"Huyu monsieur wa ofisi alisema vile vile! Ni kijani. Na hii?"

"Majivu."

Mwenyekiti akachungulia, akatikisa kichwa. Ilikuwa waridi, na mimi pia nilikuwa nimeiita majivu. Zambarau sote tuliiita bluu, tena kwa uhakika wa kuapa. Jirani alicheka hadi akaachia kipanya.

"Batu bawili, macho moya!" Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Chef, mwizi angedanganya juu ya nyekundu. Juu ya hii rose angedanganya kwa faida gani? Huyu muzee haibi. Haoni tu."

Ndivyo yama alivyoachiwa, kwa neno lile lile alilokuwa akilikimbia. Aligeukia dirishani. Wale wawili hawakuwapo tena.

Jioni iliyofuata nilishuka mwaloni. Yama alikuwa amekaa peke yake kwenye mtumbwi, akikunja wavu uliokwisha kukunjwa. Mimi nilikuwa na uhakika watakuja; nimeshawahi kuwa na uhakika na mambo mengi. Walikuja, wamechelewa, na mfuko wa kandambili nyeupe walizonunua njiani. Wakautupa miguuni pake bila maelezo.

"Upepo unasemaje, mzee?" mmoja akauliza, kama alivyouliza kila jioni.

Yama aliinua uso, akafumba macho kabisa. "Unatoka ng'ambo. Utageuka usiku. Tutege karibu."

Wakasukuma. Kutoka mtumbwi wa pili jirani akapaza sauti: "Muzee! Maboya yangu nimekata pembe! Shika kwanza, ndiyo uvute!"

"Wewe nyamaza," yama akamjibu, "unafukuza samaki."