Dume la Elina na Homa ya Mpakani

Elina wa Suma alifuga dume la nguruwe, na majike ya kijiji kizima yalipelekwa kwake kupandwa. Jike likizaa, mwenye jike alimpa Elina mtoto mmoja. Kwa watoto hao wa nguruwe mjane yule alisomesha wanawe.

Soko la mpakani lilipofunguliwa, kila mtu akawa mfanyabiashara. Asajile mwenye bucha akaanza kuleta nguruwe wa rahisi kutoka mpakani Kasumulu. Siku moja akaja na jike limezubaa, masikio mekundu. Elina akalikataa.

"Dada, dume lako limeanza kuchagua wachumba?" Asajile akacheka, akaliingiza mwenyewe bandani kwa dume.

Dume likafa. Kisha mabanda ya Suma yakabaki matupu. Homa ya nguruwe! Mkutanoni watu wakasimama mmoja mmoja: dume la Elina limetumaliza. Elina akaeleza habari ya lile jike, wakamwambia anasingizia. Wakampiga marufuku kufuga.

Simon, bwana mifugo, alikuwa amepeleka maabara damu ya dume na nyama ya buchani. Majibu yalipokuja, mkutano ukaitwa tena. Akasema kirusi kina maandishi yake ya urithi, na wataalamu wamelinganisha herufi kwa herufi. Cha dume na cha bucha karibu ni kimoja.

"Si mnaona!" Asajile akaruka. "Vinafanana, basi kimetoka kwake!"

Na watu wakapiga makofi. Watu wazima!

"Mwanangu Ambindwile anafanana na marehemu baba yake," Elina akasema. "Kwa hiyo mtoto ndiye aliyemzaa baba?"

"Kweli, kufanana peke yake hakusemi nani ameanza," Simon akasema. "Lakini kirusi hichohicho kilipatikana Kasumulu kabla dume halijaugua. Kile cha zamani cha huku kwetu hakifanani nacho."

Asajile akainama, akakwangua tope kwenye kiatu.

"Basi mama, yaishe," mwenyekiti akasema. "Marufuku tumeiondoa."

"Mlinitukana mmesimama. Samahani mnanipa mmekaa?"

Hakuinuka hata mmoja.

Ruhusa ya kufuga wamemrudishia. Nguruwe wa kufuga hakuna aliyempa, hata wale ambao majike yao yalizalishwa kwake miaka yote. Elina anapalilia chai ya watu, na Ambindwile ameacha shule. Bucha ya Asajile iko wazi, na wanaopanga foleni ni walewale waliopiga makofi.