Sikushuka Kutazama Kiwanja cha Chini

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Makambako, nilikabidhiwa ndoo. Mimi nilitegemea meza. Mhandisi wa Mji wa wakati huo, mtu mfupi asiyevua koti hata jua likiwaka, alinipeleka kwa mwananchi aliyetaka kuongeza nyumba ya pili uani, akaniamuru nimwage maji.

"Yanakwenda wapi?" akauliza.

"Hayaendi popote, mkuu."

"Basi andika. Hapa kwetu maji hukaa, kwa hiyo mwenye kiwanja ayatafutie pa kuzama."

Kazi yenyewe ilikuwa hiyo. Kiwanja chenye nyumba moja huimudu mvua, maana bustani inakunywa. Ukiongeza nyumba, bati jipya na uwanja uliosakafiwa hukalia ardhi iliyokuwa ikinywa, na maji yaleyale hayana tena pa kwenda. Kwa hiyo tulidai gata za kukusanya maji ya paa, na shimo la kunyonya, yaani shimo lililojazwa mawe ambamo maji huzama polepole udongoni, mbali na msingi na mbali na choo. Watu walilalamika sana. Wakanibandika jina la Bwana Shimo, nami kijana wa watu nikavimba kichwa.

Kisha nikahamishiwa Njombe, ambako kiwanja cha mtu kinaning'inia juu ya paa la mwenzake. Mkuu wa Idara alikuwa mama mmoja wa sauti ya chini. Aliniambia, "Baba, hapa ukaguzi ni miguu. Anzia kwa mwombaji, malizia kwa jirani wa chini. Usiposhuka, hujakagua." Kwa miaka mingi nilishuka.

Mara moja sikushuka, na hiyo ndiyo ninayoiandika.

Mwombaji alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wetu, aliyesimamia ndoa yangu. Alitaka kumjengea kitinda mimba wake aliyekuwa anakaribia kuoa. Nilifika kiangazi, msingi umeshachimbwa. Kabla sijatoa futi mfukoni, meza ilikuwa imeandaliwa, kuku na viazi. Mzee akasimama kuomba. Aliombea chakula, akaiombea nyumba, akaniombea mimi na mikono yangu, mwisho akamshukuru Mungu kwa ukaguzi uliokamilika. Wote wakaitikia amina, nami nikaitikia.

"Na lile shimo, mzee?" nilinong'ona tukinawa.

"Lipo kwenye mchoro, mwanangu. Tukishapaua tutalichimba."

Ningeanzaje kupima mteremko baada ya amina ile? Ingekuwa kama kumwambia mzee kuwa sala yake ni ya uongo, mbele ya mkewe. Niliiweka hati ya ukaguzi juu ya boneti ya gari nikajaza kwamba mteremko umepimwa, na jirani wa chini ametembelewa. Nikasaini.

Nyumba ilipauliwa, shimo halikuchimbwa. Mvua kubwa ya kwanza ilipopiga, maji ya mapaa mawili yalikusanyika, yakapasua ua, yakashuka kwa Mama Faraja, mjane aliyeishi kwenye nyumba ya matofali mabichi. Ukuta wa chumba cha kulala ulianguka. Alinusurika kwa kuwa alikuwa shambani.

Alipeleka malalamiko, tukaitwa kikao ofisi ya mtaa. Mkuu wa Idara aliniuliza mbele ya watu, "Ulishuka?"

"Nilishuka, mama."

Ningeishia hapo. Lakini mwongo haridhiki na uongo mmoja. Nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba nyumba ya Mama Faraja ndiyo iliyojengwa kwenye njia ya asili ya maji. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kumsikitikia, wakaniamini. Mzee wa kanisa alitazama viatu vyake.

"Kama bwana mkaguzi anasema alifika kwangu," alisema Mama Faraja, "mimi ni nani nibishe."

Malalamiko yakafungwa. Mama Faraja alihamia jikoni kwake, akaishi humo mpaka alipoufyatulia ukuta wake matofali mengine. Nilikuwa nikipita barabara ya juu nageuza uso upande wa pili.

Nilipostaafu nilipewa blanketi, na hotuba iliyoniita mtumishi mwadilifu. Nilipiga makofi pamoja na wengine, nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Vijana mnaoshika kazi hii leo mna vifaa vya kupima mteremko bila hata kuinama. Vizuri. Lakini hakuna kifaa kitakachowaambia wenyeji wenu, kabla ya sala, kwamba bado hamjamaliza. Hilo lazima mlitamke wenyewe.

Mwaka huu nilimwendea Mama Faraja. Nilimkuta akichambua maharage nje. Nikamwamkia, nikamwambia bila kuzunguka: siku ile sikushuka, nilidanganya.

"Najua," alisema, mikono ikiendelea na maharage. "Nilikuona pale juu na makaratasi yako. Nikajua utashuka, maana wakaguzi hushuka. Nikafagia uwanja, nikakutolea kiti."

Niliinama nikaokota punje ya maharage iliyodondoka.

"Kilikaa nje mpaka jua likazama," akasema. "Nilidhani umepotea njia."